Jani Nililopewa Jukwaani

Jumatatu, 8 Desemba

Nimekata majani ya ng'ombe mara mbili leo, kwa sababu mzigo wa kwanza ulilowa matope. Nimekamua. Nimepeleka maziwa barabarani. Niliporudi mama alikuwa amesimama mlangoni na uso wa mtu aliyeficha kitu.

Kaka Godlisten amepiga simu. Kwa mama, si kwa baba. Jumamosi kuna tuzo za filamu Moshi mjini, zitaonyeshwa laivu nchi nzima, na yeye ndiye MC. Wanatafuta wasichana wa kubeba tuzo jukwaani. Ameshaandikisha jina langu. Hajaniuliza.

Mimi, ambaye miaka minne ya sekondari sikunyoosha kidole hata pale nilipolijua jibu.

Mama anataka niende. Nadhani si kwa ajili ya tuzo. Godlisten hajakanyaga nyumbani mwaka wa pili huu. Desemba kila Mchaga anarudi, hata waliokwenda mbali kabisa. Isipokuwa yeye.

Baba alikuwa anasikia yote. Alinoa panga mpaka akamaliza, kisha akasema, "Aende." Basi. Sijui maana yake.

Jumanne, 9 Desemba

Niandike jambo lenyewe. Labda nikiliona kwenye karatasi nitalielewa.

Baba alikuwa mpagazi mlimani. Sisi tulijua anabeba mahema na vyakula. Kumbe miaka ya mwisho alikuwa anabeba choo. Kile cha plastiki cha wageni. Anakibeba, anakisimamisha, anakisafisha, anakibeba tena. Alimwambia Godlisten peke yake, siku alipomsindikiza kwenda chuo, ili ajue ada inatoka wapi.

Godlisten akawa mchekeshaji. Akalisema jukwaani, Dar. "Wenzake walifika kileleni na bendera. Mzee wangu alifika na choo!" Watu walianguka kwenye viti. Kipande kile kikaingia kwenye simu zote za kwetu Marangu.

Kinachonichanganya ni kwamba kinachekesha. Ukisahau ni baba, kinachekesha.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Aliacha. Sasa anakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Akiitwa Baba Godlisten haitiki, anaitika Baba Aika tu. Aika ni mimi. Sijawahi kulichukia jina langu kama ninapomsikia akiliitikia.

Krismasi iliyopita tulichinja mbuzi kama kawaida. Baba akagawa. Fungu la mtoto wa kwanza lilibaki juu ya jani la mgomba, hakuna aliyeligusa. Mwishowe likaliwa na mbwa.

Alhamisi, 11 Desemba

Niko Moshi mjini mpaka tuzo ziishe. Mazoezi ya kwanza. Viatu virefu. Miguu inauma mpaka magotini.

Godlisten alinikumbatia mbele ya watu wote. "Aika! Mbona umekuwa mlingoti? Wanakulisha nini, mbolea?" Wasichana wenzangu walicheka. Nikatamani sakafu inimeze. Kisha akanifundisha kutembea. "Usitazame chini, mdogo wangu. Chini hakuna kamera."

Baadaye akaniuliza mzee anasemaje. Nikasema hasemi. Akacheka. Akainua chupa ya maji akanywa, na chupa ilikuwa tupu.

Ijumaa, 12 Desemba

Jukwaa limepambwa kwa masale, ile mimea ya kwetu ya majani marefu, kwenye vyungu virefu pande zote mbili. Nilifurahi nikasogea kugusa. Plastiki. Yana mshono pembeni. Fundi wa mapambo akaniambia, "Hayo hayanyauki, dada. Leo tuzo, kesho harusi."

Nikamwambia kwetu isale si pambo. Hupandwa mpakani, hupandwa makaburini. Ukimkosea mtu vibaya sana unachukua jani la isale unampelekea, na aliyepelekewa hakatai. Bibi alisema hata damu imewahi kusamehewa hivyo. Fundi akasema, "Ah, vizuri," akaendelea na gundi yake.

Halafu ikaja sehemu ya Godlisten. Sikuwa najua kama ipo. Anasimama katikati, taa zinapungua, anasema kwamba alichekesha watu kwa mgongo uliombeba. Anaposema "mgongo" sauti inakatika. Machozi yanatoka. Anachomoa jani la isale kwenye chungu, analiinua, analiweka mezani.

Nikadhani ameshindwa kujizuia.

Mwongozaji, mama mmoja mwenye sauti nzito, akapiga kelele kutoka gizani: "Gody, umelia mapema mno! Kamera ya pili haijafika!"

Akafuta uso. Akarudia. Sauti ikakatika kwenye "mgongo". Machozi. Akarudia tena. Kwenye "mgongo". Machozi.

Sijui nimeona nini.

Jumamosi, 13 Desemba

Ni leo. Nataka kurudi nyumbani kukata majani.

Jumapili, 14 Desemba

Niko nyumbani. Naandika haraka nisije nikaanza kubadilisha mambo kichwani.

Nilibeba tuzo mbili. Sikuanguka. Ya kwanza nilimpa mwigizaji ambaye picha yake nilikuwa nimeibandika kwenye dawati shuleni, na sikumbuki hata alivaa rangi gani. Walicheza wachezaji wa ngoma, akaimba mwimbaji, Godlisten akatania kila aliyekaa mstari wa mbele. Ukumbi mzima ulikuwa mkononi mwake. Nilijivunia. Niliona vibaya kujivunia.

Kisha taa zikapungua. Mgongo. Sauti ikakatika. Machozi, na kamera ya pili ilikuwa imefika. Akachomoa jani. Nilikuwa nimesimama pembeni na sinia tupu, namsubiri aliweke mezani.

Hakuliweka. Akageuka. "Aika, njoo."

Hili halikuwepo kwenye mazoezi. Miguu ilikwenda yenyewe. Akaniwekea jani mikononi akasema kwenye kipaza sauti, "Huyu ni mdogo wangu. Mpelekee baba."

Watu wa Dar walisimama wakapiga makofi. Wenyeji, waliokaa upande wa kushoto, hawakupiga. Isale likitolewa halipigiwi makofi.

Nilimtazama nione kama ananikonyeza, nijue ni mchezo. Taa zilinipiga machoni. Sikuona.

Leo mchana nimefika nyumbani. Televisheni imefunikwa kitambaa chake. Najua waliangalia, majirani walijaa sebuleni, mama ameniambia. Baba alikuwa kwenye migomba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ng'ombe hajapata maji."

Jani liko kwenye begi.

Jumatatu, 15 Desemba

Bombani wote walinyamaza nilipofika. Ila Mama Eliamani, jirani yetu, huyo hanyamazi.

"Umempa?"

Nikasema bado.

"Bado! Mae! Mwanangu, usilale na isale la mtu ndani. Ni mzigo. Na baba yako hawezi kukataa, nchi nzima imeshuhudia."

Mwingine akasema kwani si alishaona kwenye televisheni, basi amepokea. Mwingine akasema hapana, mkononi. Wakaanza kubishana, ndoo zikamwagika.

Hakuna anayejua kwamba ni plastiki. Kwenye televisheni huwezi kujua. Nikimpa baba na akapokea, atakuwa amesamehe kwa jani la bandia. Nikimpa na akakataa, atakuwa mtu wa kwanza kukataa isale, na watamsema yeye. Nisipompa, nimekaa na msamaha wa watu wawili chini ya godoro.

Jani linakwaruza nikigeuka.

Jumatano, 17 Desemba

Godlisten amepiga. Kumbe hajarudi Dar, yuko Moshi mjini. Ameuliza lile lile. Umempa?

Nikamwuliza kama alijua ni plastiki.

Akasema: "Jani ni jani, Aika." Kisha: "Ndilo lililokuwa karibu." Kisha akasema hakupanga kuniita, aliniona tu nimesimama na lile sinia.

Mambo matatu. Sijui nichukue lipi. Nimemkasirikia. Nimemhurumia pia. Nimekata simu bila kuaga, sijawahi kumfanyia mtu mkubwa hivyo.

Alhamisi, 18 Desemba

Mvua. Sijampa.

Jumamosi, 20 Desemba

Leo zizini. Mimi nakamua, baba anazoa samadi. Bila kuinua kichwa akasema, "Kalete hilo jani."

Nilikwenda. Nilirudi. Nikalishika nyuma yangu kama mtoto.

Akauliza kwanza, "Alikuwa analia kweli?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mama angefurahi, na Krismasi ingekuwa Krismasi. Nikasema sijui, baba. Nikasema alilia kwenye mazoezi pia, pale pale, kwenye neno lile lile, na mwongozaji alimwambia arudie, akalia tena. Nilisema yote. Nikaona nimemaliza kila kitu, nimemfungia kaka yangu mlango kwa ulimi wangu.

Baba akaegemea koleo.

"Mimi ile habari ya choo niliifanyia mazoezi wiki nzima kabla ya kumwambia," akasema. "Humu humu. Nilimwambia ng'ombe kwanza."

Nikamtazama ng'ombe.

Akanyoosha mkono, nikampa jani. Alilikunja, likarudi kunyooka. Akapitisha kidole kwenye mshono. Akalinusa. Halafu akacheka, kwa pua tu, lakini alicheka. Mama husema Godlisten amerithi utani kwa baba, nami nilikuwa naona anasema tu.

"Hili hata ng'ombe hali."

Akanirudishia. "Mimi sijaletewa isale. Nimeonyeshwa mapambo."

Kwa hiyo amekataa? Au amesema aletewe? Nimekaa na swali hilo jioni nzima. Mama amelichukua lile jani, amelifuta vumbi, amelichomeka kwenye chombo cha maua juu ya televisheni. Baba ameliona. Hakusema litoke.

Jumanne, 23 Desemba

Mvua imekatika. Mlima umefunguka asubuhi, wote, hakuna wingu.

Mama amesema Godlisten yuko chini njia panda, amekaa dukani tangu kulipokucha, hapandi wala harudi. Alisema akiwa ameelekea jikoni, kama anaiambia sufuria. Baba alimaliza chai yake. Akachukua panga akaenda mpakani.

Alirudi na jani la isale. Refu, lina maji bado. Akanipa.

"Mpelekee. Mtu haendi kuomba mikono mitupu."

Nilishuka mbio, kisha nikaona si vizuri kukimbia nalo, nikatembea.

Godlisten alikuwa amekaa juu ya kreti la soda. Alipouliza limetoka wapi, nikasema kwa baba. Hakutania. Alilishika kwa mikono miwili, akalinusa, na hakuinuka kwa muda. Nikachukua begi lake nikajitwika, maana mikono yake haikuwa na nafasi.

Tulipanda bila kuongea. Karibu na nyumbani Mama Eliamani alituona akapaza sauti hadi ng'ambo ya kihamba, shamba letu la migomba: "Baba Godlisten! Una mgeni!"

Kutoka kwenye migomba baba akaitika: "Naam."

Godlisten alisimama. Mabega yakatikisika. Sijui kama alikuwa analia au anacheka. Mimi nilikuwa nyuma yake, na begi kichwani.