Saa Iliyotangulia Dakika Ishirini

Tarehe 4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia, na kwamba unapika, si kushinda na mkate na chai. Mimi ni mzima wa mwili. Mume wangu amepelekwa kazini mbali hadi mwisho wa Machi, kwa hiyo mambo ya kliniki nayakabili peke yangu.

Uliuliza madaktari wanangoja nini, ikiwa viinitete viwili tulivyotungiwa maabara viko tayari kwenye barafu. Wanangoja utando wa ndani wa mji wa mimba. Nameza vidonge vya kuunenepesha, na jana mashine ilionyesha milimita nane, zinatosha. Jumatatu jioni naanza dawa ya pili, ya kuufanya utando uweze kupokea. Siku tano baadaye, Jumamosi, wataweka kiinitete kimoja. Kumbe unene peke yake hausaidii. Utando hupokea kwa muda mfupi tu, kisha hukataa.

Niombee.

Binti yako

Tarehe 15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo, na mkate na chai ni chakula.

Barua yako nimeielewa. Nilikuwa mkuu wa stesheni kwa miaka thelathini na mmoja, na sikuona treni iliyomrudia abiria. Wahi, kama nilivyokulea. Saa ya ukutani bado iko mbele dakika ishirini, ingawa humu ndani hakuna tena wa kuwahishwa isipokuwa mimi.

Baba yako

Tarehe 2 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako ilifika mambo yakiwa yamekwisha. Kiinitete hakikushika.

Daktari aliniuliza nilianza lini dawa ya pili. Nikamwambia Jumapili, kwa sababu nilitaka kuwahi. Aliweka kalamu chini. "Mama," akasema, "hapa kuwahi na kuchelewa ni kosa lile lile. Utando wako ulitangulia siku nzima. Kiinitete kilipofika, huenda mlango ulikuwa unafungwa."

Hakusema kwamba hiyo ndiyo sababu hasa. Lakini kwetu nani aliwahi kuambiwa Jumatatu akangoja Jumatatu? Siku ya harusi yangu tulifika kabla ya wapanga viti, ukanisifu mbele yao. Mkononi nimevaa saa niliyoitanguliza dakika ishirini, kama ya kwako. Sikulaumu.

Kimebaki kimoja. Tutajaribu Aprili. Chumba hiki kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani, nami nimeshaujua ukuta huo tofali kwa tofali.

Binti yako

Tarehe 14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Usiandike kwamba hunilaumu pale unaponilaumu. Una haki.

Nimepanda kiti, goti na yote, nikairudisha saa nyuma dakika ishirini. Marehemu mama yako aliniomba nifanye hivyo miaka yote ya ndoa yetu, nami nikamjibu kwamba nyumba itakosa adabu. Sasa naamka mapema kuliko saa yenyewe, na sijui dakika hizo nizipeleke wapi.

Anza dawa siku uliyoambiwa, saa uliyoambiwa. Hilo ni agizo.

Baba yako

Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

U hali gani? Kwa hesabu yangu kiinitete kiliwekwa Aprili, na majibu umekwisha kuyapata. Tarishi amepita hapa mara tatu na barua za watu wengine. Ananionea huruma, jambo ambalo silipendi.

Baba yako

Tarehe 18 Mei

Mwanangu,

Sitauliza tena. Nataka kujua tu kama unakula. Ikiwa hakikushika, si lazima uniandikie, njoo. Kitanda chako nimekitandika tangu wiki iliyopita. Najua ni mapema, lakini ndivyo nilivyo.

Baba yako

Tarehe 29 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Niwie radhi kwa kukuacha na ukimya. Barua zako mbili nilizisoma, nikaziweka chini ya kitambaa cha meza, na kila nilipokula niliona zilivyokiinua.

Dawa niliianza Jumatatu, saa moja jioni kamili. Jumapili nzima niliikalia mikono yangu. Majibu ya damu yalitoka mwisho wa Aprili, yakawa mazuri. Nilimwambia mume wangu peke yake. Wewe ulipaswa kuwa wa pili, lakini kila nilipoishika kalamu niliona kwamba nawahi tena, kwamba natangaza habari kabla haijawa habari. Nikangoja. Kungoja ni kugumu, baba, sikufundishwa.

Leo asubuhi nimeusikia moyo wake. Unakwenda mbio sana, nikaingiwa na hofu, daktari akacheka na kusema kwamba mioyo ya umri huo yote ina haraka. Nikamwambia huyu ana sababu ya ziada.

Anatarajiwa mwisho wa Desemba. Njoo tarehe ishirini, si kabla. Najua tarehe kumi na tisa utakuwa umekwisha kukaa stesheni na sanduku lako.

Binti yako