Rais wa Vita na Vidonge Vyangu

Greyville, Alhamisi

Kwa nini sikunyamaza? Miaka kumi na sita nimeficha, leo yamenitoka mdomoni mbele ya watu.

Televisheni ya saluni ilikuwa inamzungumzia yule rais wa zamani wa Marekani, mhafidhina aliyeivamia Iraki. Mama Solange, mwenye saluni, akasema, "Yule iko muuaji. Hakuna kitu ya mzuri alifanya."

Nilikuwa namsuka mteja. Nikajikuta nasema, "Mama Solange, mimi niko hai kwa dawa za mpango wake. Nilikuwa nimebaki mifupa mitupu."

Akazima televisheni. "Dawa gani?"

"Za virusi vya UKIMWI. Serikali yake ndiyo iliyozilipia."

Nilidhani mteja atainuka. Akasema tu, "Endelea, dada." Nikamaliza kumsuka.

Mama Solange hakunisemesha tena mpaka tukafunga. Eish, sijui kama kesho nitakuwa na kazi.

Wala sikumtetea yule rais. Waliokufa Iraki wamekufa, nao walikuwa na watoto. Wangu bado wana mama. Sasa nitamshukuruje mtu ambaye wengine wana haki ya kumlaani?