Chupa ya Dawa ya Tumbo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikitumaini kwamba goti lako limepoa, na kwamba mdogo wangu amekumbuka kuurekebisha ule mlango wa jikoni unaokukera. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima, ila uzima wenyewe ni wa juzi tu, na hasira ninazo bado. Kaa chini usome mwenyewe, taratibu. Usimpe mdogo wangu akusomee.

Wiki iliyopita nilishikwa na tumbo. Karakana nzima ya mapazia iliugua, mmoja baada ya mwingine, nami nikawa wa kwanza, kama ada yangu. Kutapika na kuharisha nilivumilia. Kilichotaka kunitia wazimu ni vidonge vyangu vya ile hali ya kuanguka. Nikimeza kimoja, tumbo linakirudisha. Sasa nimeze kingine, au nisubiri jioni? Nikimeza kingine na kumbe cha kwanza kilishaingia mwilini, nimezidisha. Nisipomeza, naanguka, na cherehani ya umeme haimsubiri mtu aamke.

Nilimpigia nesi wa kliniki nikiwa chooni kazini, nanong'ona kama mwizi, maana nje ya mlango wenzangu walikuwa wakingoja zamu. Akauliza kidonge kilikaa tumboni muda gani, na kama nilikiona kilipotoka. Nilipojaribu kumweleza, akasema hanisikii, niongeze sauti. Mama, ningeongezaje sauti pale? Nikakata simu bila jibu, nikarudi kwenye cherehani, kidole gumba kikirukaruka chenyewe kama kinavyofanya kabla mambo hayajaharibika. Msimamizi wetu, tunayemwita Mama Mkasi kwa kuwa hauvui mkasi wake shingoni hata akila, akaniambia niende nyumbani kabla sijamchafulia vitambaa.

Nyumbani ni kile chumba ninachokaa na mwenzangu wa kazini, Chiriku, aliyelipata jina hilo kwa mdomo wake. Alinihudumia kama ndugu wa tumbo moja. Alinichanganyia maji, chumvi na sukari, akaninywesha kijiko kwa kijiko, akaosha ndoo bila kukunja uso, huku akisema bila kupumzika. Aliniuliza mbona nakitazama kidonge kama mtu aliyepewa mtihani. Nikamjibu ni dawa ya tumbo.

Ndivyo tulivyopatana mimi na wewe, Mama, tangu bweni la shule liliponifukuza na wasichana wakakataa kugusa hata kikombe changu. Ulivihamishia vidonge kwenye ile chupa ya kahawia, ukabandika plasta, ukaandika kwa mkono wako kwamba ni dawa ya tumbo, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Ukaniapisha kwamba ile hali itabaki kati yako, mimi na Mungu. Neno lako nimelishika miaka yote.

Jioni ile kidonge kilikaa, na cha asubuhi pia. Nikalala tena, usingizi mzito. Nilipoamka, Chiriku alikuwa ameshakwenda kazini, na chupa haikuwepo kwenye rafu.

Maskini, tumbo lilikuwa limehamia kwake. Hakutaka kuniamsha. Alisoma plasta, akameza viwili ili apone haraka, akaibeba chupa awagawie na wenzetu wanaoumwa. Alipofika kazini akaona bado, akaongeza viwili. Nilimkimbilia huko nikiwa nimevaa viatu visivyofanana. Nilimkuta ameinamia cherehani, ameshona pazia la mteja pamoja na sketi yake mwenyewe. Macho yalikuwa yakimfumbika, ulimi mzito, na yeye, Chiriku, kimya. Mama Mkasi alikuwa akimwambia akusanye vitu vyake, kwamba pale si mahali pa walevi. Chupa ilikuwa mkononi mwa fundi mkataji, naye tayari amejimiminia vidonge kiganjani.

Nilisimama mlangoni, Mama. Niliukumbuka mkoba wangu wa shule, walivyouweka nje ya bweni. Nikajua pia kwamba nikinyamaza, mwenzangu atafukuzwa, mkataji atameza, na daktari ataambiwa mgonjwa alikunywa dawa ya tumbo.

Nikasema, "Hiyo si dawa ya tumbo. Ni dawa yangu ya kifafa. Hajalewa, apelekwe hospitali sasa hivi."

Umeliona nililoliandika. Ndilo jina lake. Mimi sikuwahi kulitamka mbele ya watu, na wewe hujawahi kulitamka hata mbele yangu.

Mkataji alivimwaga vidonge mezani, akafuta kiganja kwenye suruali. Hilo liliniuma sana. Mama Mkasi aliushika mkasi wake. Aliikata ile sketi ikaachana na pazia, tukambeba Chiriku pamoja. Alilazwa mpaka kesho yake, akaamka na njaa na maneno ya siku mbili. Kwanza aliniuliza, "Hivi hata mwandiko wa mama unadanganya?" Jibu nakuachia wewe.

Kazi bado ninayo, ingawa Mama Mkasi amenitoa kwenye cherehani ya umeme na kunipa pindo za mkono bila hata kuniuliza, jambo ambalo sijalimeza. Mkataji hunipisha njia kupita kiasi. Kikombe changu kilianza kukaa peke yake, mpaka Chiriku alipokichukua makusudi akanywea mbele ya wote. Na nesi nimempigia tena, nikiwa katikati ya karakana, kwa sauti. Amenieleza vizuri la kufanya nikitapika siku nyingine, na Chiriku amelikariri.

Najua ile plasta uliibandika kwa mapenzi, Mama, na ndiyo maana hasira haziishi. Chupa nakurudishia pamoja na barua hii. Nimeiosha; weka vifungo vyako. Vidonge vyangu viko rafuni kwenye kasha lake lenyewe.

Wasalimie majirani wote, na goti lisikandwe kwa maji ya moto sana. Ukimaliza kusoma, mpe mdogo wangu naye asome.

Wako akupendaye,
Binti yako