Chupa Yenye Kizibo cha Gunzi

Matisi, Kitale
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Mpendwa mjukuu wangu Sifuna, bwanangu mdogo,

Miaka mitatu! Hata paka akipotea hurudi kuangalia kama sufuria bado iko. Wewe ulitoka hapa na sweta niliyokufumia, ukaenda Mombasa, basi. Nikikupigia simu unasema, "Kukhu, niko kazini, nitakupigia," halafu kimya. Ndiyo maana nimemkalisha Fridah, mke wa baba yako mdogo Eliakim, aandike ninavyosema. Barua huwezi kuikata. Kizito anapeleka mahindi huko na lori lake, atakupa mkononi.

Sasa salamu. Hujambo? Kile kifua cha utoto kilipona, ama joto la huko limekiongezea? Unakula? Unaenda kanisani? Sisi tuko. Mvua ikitaka kuja, goti langu linatangulia kusema. Eliakim amevuna maharagwe kule Kwanza, na mwaka huu yamekubali.

Kizito aliniambia. Usimchukie, nilimbana. Najua kazi ya godauni iliisha tangu Januari, na kwamba huji nyumbani kwa sababu unaogopa kuingia mikono mitupu. Kwa hilo sitakugombeza. Nitakuambia ya kwangu, maana mimi pia naogopa, na hapa nyumbani anayejua ni Fridah peke yake, na yeye amejua sasa hivi akiandika.

Unakumbuka munyu wangu, yale maji ya majivu ninayotia kwenye mboga ya kunde na mrenda ili ilainike. Mama yangu alinifundisha kule Kanduyi. Unachoma maganda makavu ya maharagwe, unaweka majivu kwenye mkebe uliotobolewa chini, unamwaga maji juu, unangoja yadondoke. Alisema munyu majirani huombana kwenye ua, hauuzwi. Anayeuza ni mchoyo. Hilo nimelishika maisha yangu yote.

Mwaka jana niliuweka kwenye chupa ya soda, dirishani. Mzee Kibe jirani yetu akaja na kiu ya shamba, akadhani ni chai ya rangi imepoa. Akapiga funda moja. Sifuna, ule ukelele! Mdomo ulichubuka, tukamkimbiza zahanati, akaishi kwa uji wiki nzima. Alipopona akaja kusimama mlangoni: "Mama Eliakim, ulitaka kunilainisha kama kunde?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Pale dirishani nilikuwa naona mtoto ameishika chupa ile, si Kibe. Tangu siku hiyo nikawa nachuja wa sufuria moja tu, unaobaki namwaga.

Mwezi jana Wakonyo, yule mwenye hoteli karibu na soko, alikuja hapa kwa maombi ya akina mama. Akala kunde mpaka akaramba vidole. "Shosho, hii umeitia nini? Wateja wangu wa Bungoma kila siku wananiambia kunde yangu ni kamba!" Nikamwambia. Akataka chupa kumi kila Jumamosi. Nikakataa hata kabla hajafunga mdomo. Nikamweleza na ya Kibe, sikuficha. Akasema, "Basi tafuta njia isimpate mtu mwingine. Nitangoja."

Ati nitafute njia, mimi ambaye kalamu sijawahi kushika! Fridah akaandika karatasi, "Si ya kunywa." Nikamuuliza, mtoto wa miaka mitatu anasoma? Mimi mwenyewe si naweza kuinywa na karatasi yake hapo? Nikazunguka na jambo hilo siku nyingi.

Jumatatu nilikuwa nawasha moto kwa magunzi, kama kila siku. Gunzi moja likabaki mkononi. Nikajiuliza, chupa ya mafuta ya taa hapa kwetu inazibwa na nini? Gunzi! Wewe ulipokuwa unatambaa uliigusa mara moja, nikakuchapa mkono, hukurudia. Kila mtoto wa hapa amechapwa mkono huo. Miaka sitini nimechoma magunzi, na mwaka mzima woga ulinikalia machoni nisilione moja.

Nikachonga kizibo. Nikaweka chupa mbele ya Kibe bila kusema kitu. Akarudisha kiti nyuma. "Mama Eliakim, leo ni mafuta ya taa? Safari hii unanimaliza kabisa!" Hapo ndipo nilicheka.

Sasa chupa kumi ziko rafu ya juu. Karatasi za Fridah pia ziko, za wanaosoma. Keshokutwa ni Jumamosi, na bado naogopa. Naogopa mpishi wa Wakonyo atatoa gunzi amimine munyu kwenye kikombe. Naogopa dada yangu Phelista atasikia huko Kanduyi, aseme Agneta anauza munyu wa mama. Naogopa kuingia hoteli ya watu na hizi ndala. Lakini nisipoenda nitazimwaga zote, na sitaanza tena. Najijua. Kwa hiyo nitaenda, na nitasimama jikoni mpaka mpishi arudie maneno yangu moja moja.

Ufanye nini huko, sijui. Bahari siijui. Lakini kile unachoshika kila asubuhi bila kukiangalia, hebu kiangalie.

Eliakim anakusalimu. Kibe anakusalimu kwa mdomo wake mpya. Mungu akufunike kama kuku anavyofunika vifaranga, hata kile kikorofi.

Ukija, na uje kabla maganda ya maharagwe ya kule Kwanza hayajaisha, usipite dukani. Sitaki sukari, sitaki mkate, sitaki leso. Njoo mikono mitupu. Chupa kumi ni nzito, na mimi nina mikono miwili tu.

Anayekugombeza kwa sababu anakupenda,
Kukhu wako, Agneta