Chatu Aliyegoma Kula

Kwa dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, goti umeliinua juu ya stuli kama daktari alivyokuamuru, na si umesimama jikoni ukimpikia kila anayepita. Shemeji yangu hajambo? Kikohozi chake kimepungua, au bado anasingizia vumbi? Wanao wasalimie. Mimi ni mzima wa afya, nipo palepale kwenye duka la nafaka, napima mahindi na kunde kutwa, na sina ninachoumwa isipokuwa hasira, ambayo nayo tumeshazoeana.

Umeniuliza mara tatu habari za yule nyoka, nami nimekuwa nikikujibu nusunusu. Leo nakueleza yote. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, kwa hiyo sina mwingine wa kumwambia. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujampa shemeji asome.

Shemeji yako alipohamia kwa yule mama wa miwani (unamkumbuka, alikwenda kupimwa macho, na kitu cha kwanza alichokiona vizuri ni mume wangu), alibeba nguo zake, vifaa vyake vya kazi na redio. Chatu alimwacha. Alisema Binti amegoma kula, na chatu aliyegoma ukimhamisha unamuua. Basi tukaagana hivi, yeye mwenyewe akitamka mbele ya fundi mwenzake wa miwani: atakuja kila Ijumaa akitoka kazini kumlisha, na siku Binti atakapokula mkononi mwake, atambeba aende naye, na mimi na yeye tutakuwa tumemalizana.

Jina hilo la Binti alimpa yeye. Unajua nililazwa siku kumi na moja nilipopoteza mimba ya pili. Hata siku moja hakuniuliza kama nimekula. Juma nililorudi, aliingia na sanduku la kioo, ndani yake chatu mwembamba asiyezidi urefu wa mkono wangu, akasema nyumba imekuwa kimya mno. Akamwita Binti. Uliponiuliza kwenye simu nilikwambia anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha, dada, na mimi iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Ijumaa zikaanza. Majuma ya mwanzo Binti aligoma kweli. Panya mweupe alitolewa kwenye friza, akayeyushwa katika maji ya moto, akafutwa maji, akashikwa kwa koleo na kuchezeshwa mbele ya pua yake, naye Binti akageuza kichwa kama mgeni aliyeletewa chai iliyopoa. Shemeji yako akapiga magoti sakafuni na suruali yake ya kazini. Akabembeleza. Mwisho akaniomba ushauri mimi, nami nikamwambia labda mtoto amekosa sauti yake, amsemeshe. Akamsemesha saa nzima. Huyu ni mtu ambaye kwangu maneno yalikuwa yakimwishia mlangoni.

Ndipo nilipokuandikia kwamba Binti anakonda, ukaingiwa na huruma, ukanitumia ule mkeka wa umeme wa kupasha joto chini ya sanduku. Nisamehe, maana hapo ndipo nilipoanza kukudanganya na wewe. Mkeka ulifika siku ya Jumatatu. Niliutandika, nikamwingiza Binti kwenye boksi la viatu nililolitoboa tundu, nikapasha kichwa cha panya kwa kikausha nywele, nikamlaza panya penye tundu, nikafunika sanduku zima kwa shuka na kwenda zangu kufua. Nilipofunua, panya hayupo. Kumbe alichotaka ni joto, giza, na kuachwa bila mtu wa kumkodolea macho. Jumatatu iliyofuata akala tena. Kwa muda wa miezi mitano hakukosa Jumatatu hata moja, nami kila mara nilikuandikia kwamba bado amegoma.

Mpaka Ijumaa ifike, uvimbe wa tumbo umeshashuka, choo chake nimeshakitoa, na hamu hana. Shemeji yako anapiga magoti, anatikisa koleo, anaimba kidogo, na Binti anamtazama tu. Mimi nakaa kwenye kiti nyuma yake na kikombe changu, natikisa kichwa kwa masikitiko.

Utauliza alikosaje kuona kwamba ananenepa. Alikuwa akimpima. Aliniomba niazime mizani dukani, nami nikaileta pamoja na mawe yake. Jambo ambalo sijawahi kukuambia ni kwamba tajiri wangu ana mawe ya aina mbili, ya kuuzia na ya kununulia. Ya kununulia yamechimbwa chini yakajazwa madini ya risasi, ili mzigo wa mkulima uonekane pungufu. Shemeji yako nilimletea ya kununulia. Kila baada ya majuma mawili niliongeza kipande cha risasi na kuziba kwa nta, kama tajiri alivyonifundisha mwenyewe. Binti akazidi kuwa mzito, mizani ikazidi kusema anaisha. Na yule fundi anayewapa watu macho akaamini mawe.

Nilifurahi, sitakuficha. Alikonda yeye badala ya nyoka. Mkanda wake umetobolewa matundu mawili mapya kwa msumari, nimeyaona. Mwenye Miwani alikuwa akimpigia simu Ijumaa hizo kuuliza ni mifugo gani hiyo inayolishwa kwa saa tatu nzima, naye akimjibu kwa sauti ya chini hapo hapo sebuleni kwangu. Nilikuwa nampelekea chai ili Mwenye Miwani asikie kwenye simu ninavyotembea taratibu.

Najua umeshika kichwa. Ngoja nikuambie sababu, maana nayo ni aibu. Nilikuwa namtaka arudi. Niliona akizoea njia ya kuja hapa, siku moja atachoka kuondoka. Wewe uliniambia nisubiri, nami nikasubiri kwa namna yangu.

Ijumaa ya juma lililopita alilia. Alishika mkono wangu, mara ya kwanza baada ya mwaka, akasema hapati usingizi kwa kufikiria kiumbe kimelala na njaa katika nyumba hii. Akaomba arudi kuishi hapa mpaka Binti ale. Alisema Mwenye Miwani amemwambia akitoka na begi asirudi, na kwamba yeye yuko tayari. Yote hayo aliyasema akiwa ametazama kwenye kioo cha sanduku. Nilisubiri ageuze uso wake kwangu, hata kidogo tu, na kama angegeuza nadhani ningekiri kila kitu. Hakugeuza. Nikamwambia karibu, njoo Ijumaa na begi lako.

Leo ndiyo Ijumaa. Jana fundi mwenzake alipita dukani akanieleza kwamba begi limeshatoka kwa Mwenye Miwani, na kitasa cha mlango kimeshabadilishwa. Na mimi Jumatatu hii sikumpa Binti kitu. Amekuwa akizunguka sandukuni tangu asubuhi, ulimi nje. Shemeji yako akiingia nitampa koleo, na Binti atamnyakua yule panya kabla hajapiga magoti. Atafurahi sana. Nitamwacha afurahi, kisha nitamkumbusha alichokitamka mbele ya fundi mwenzake. Sanduku nimelisogeza karibu na mlango, mkeka wako nimeukunja juu yake. Atakwenda wapi navyo, sijui, na sitaki kujua.

Usimtume shemeji kuja kutusuluhisha. Nimewaza sana kama nitajuta, na huenda nikajuta, lakini si leo.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na goti lako ulitunze. Nakata hapa kwa kuwa panya ameshalainika kwenye beseni, na nasikia mtu anafuta viatu nje.

Ni mimi, mdogo wako wa mwisho.