Maji Imelala Kinangop

Awendo, Februari 1997

Nyakwara Achieng,

Idhi nade? Hapa sisi wazima, mama yako ameanza kulima. Usicheke nikikuita mjukuu! Nimekuzidi miaka tano tu, lakini kwa ukoo mimi ni babu, na babu lazima ajibu.

Unasema huko Kanada paipu zimeganda, gari haiwaki, na wiki mbili hujaongea na mtu. Unauliza kama urudi nyumbani.

Mimi nilipelekwa Kinangop, kule juu milimani kwa baridi, kutengeneza pampu, kazi yangu ya kwanza mbali, na ufundi nilijifunza mwenyewe. Asubuhi moja nikafungua mfereji, hakuna hata tone. Nikajua nimeharibu pampu ya tajiri mwenye shamba, atanifukuza! Nikaifungua nati kwa nati, vidole vimekufa baridi. Sisi watu wa ziwa tunajua barafu ya kuweka samaki tu. Nani alijua inaweza kujiingiza kwa paipu?

Mama mmoja wa kukamua ng'ombe akasimama. "Kijana, pampu imekukosea nini? Maji imelala. Ngoja jua."

Akacheka mpaka nikacheka. Tukakalia ndoo tukingoja, akaniuliza jina. Siku kumi na moja pale, hakuna mtu alikuwa ameniuliza. Na mimi sikuwa nimeuliza mtu kitu, nikiogopa waone sijui.

Kurudi utaamua mwenyewe, nyumba iko. Lakini kwanza gonga kwa jirani, umuulize vile wao hufungua paipu. Hata kama unajua, uliza tu.

Babu yako,
Odhiambo