Jiwe la Juu ya Mlango

Jumanne, Stafford, kando ya Houston. Joto la kunata, mawingu mazito, mvua haiji.

Dup.

Nimeamka tena na mlio huo kichwani. Ni mlio wa nyundo ndogo juu ya jiwe, kiangazi kilichopita, katika mji mdogo wa Ulaya ambako kanisa kuu la zama za kati liliungua, paa lote na nusu ya kuta. Ofisi yetu ya Houston inachora michoro ya kulirudisha, na mimi nilipelekwa huko wiki sita kugonga mawe. Jiwe zima hulia ting. Lililopasuka ndani kwa moto hulia dup. Zima unalitia alama ya chaki, lirudi ukutani. Bovu linawekwa kando.

Mafundi walishangaa sikio langu lilivyoizoea kazi haraka. Sikuwaambia kuwa nilifundishwa na mama, sokoni Unguja, nikiwa na miaka saba: chungu hakinunuliwi mpaka ukigonge usikie kinavyojibu.

Kisha nikalifikia jiwe lenye uso wa mwanamke. Pua imekatika, tabasamu liko upande mmoja tu. Aliyelichonga miaka mia nane iliyopita alikuwa akimfahamu huyu mtu, sina shaka. Nikaligonga. Dup. Nikaligonga tena taratibu, kama mtu anayeomba jibu jingine.

Nikalitia chaki.

Nililipenda. Sina sababu nyingine ya kuandika hapa.

Fundi mkuu, Anselm, hakulirudia. Aliniamini. Tena ameniomba nirudi masika yajayo, nikae mwaka mzima nijifunze kuchonga. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyoutaka mwaka huo.

Jana mchoro wa tao la mlango mkuu uliletwa mezani kwangu niukamilishe. Jiwe langu liko juu kabisa, katikati, pale linaposhikilia mengine yote. Chini yake watapita watu.

Jioni nilimweleza mama, ametoka kazini hospitali, hajavua hata sare. Kwanza alinicheka. Miaka mitano ya chuo, alisema, kumbe nimekwenda kugonga mawe ya kanisa, na msikitini kwetu bomba linavuja sina habari. Nilicheka pia. Halafu akakoroga mchuzi kwa muda mrefu.

"Na chungu kilicholia vile, Zuhura, ungempikia nani?"

Hakungoja jibu. Akanipa sahani nipange meza.

Sikulala vizuri. Nilijaribu kujishawishi kwamba huenda sikio lilikosea, kwamba siku ile jiwe lilikuwa limelowa mvua. Hakukuwa na mvua siku ile.

Leo saa mbili asubuhi, kwao tayari alasiri, nilimpigia Fundi Anselm. Nilimtajia namba ya jiwe, nikamwambia nilisikia na bado nikalipitisha. Nikasikia hatua zake kwenye mbao, pumzi zake, kisha nyundo.

Dup. Hata kwenye simu, bahari nzima katikati yetu.

"Ndiyo," alisema. "Limekufa." Akanishukuru, akakata. Habari ya masika hakuigusa, nami sikuuliza.

Nikafungua mchoro, nikalifuta jiwe langu. Mahali pake nimechora jingine jipya, halina uso. Saa nne nimeutuma.